Kalamu Mfukoni, Vumbi Mapafuni

Kalamu ya kujihami ni bidhaa yenye sifa nyingi kuliko kazi zake. Kwa mbali inafanana na kalamu yoyote ya wino yenye klipu ya kubania mfuko wa shati. Ukiishika ndipo unapotambua uzito wake: mwili umechongwa kwa alumini nene, chuma cha pua au titani, umetiwa mikwaruzo ya makusudi ili usiteleze kiganjani, na kitakoni imepachikwa ncha ngumu, mara nyingi ya kabidi ya tangsteni. Wauzaji wanaisifia kuwa kifaa cha kila siku: asubuhi unaandikia, ukinaswa ndani ya gari baada ya ajali unavunjia kioo, na usiku ukivamiwa unaigeuza silaha ambayo hakuna aliyejua kwamba unayo. Hoja yangu ni kwamba sifa hiyo ya tatu ndiyo inayoiuza kalamu, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Udhaifu wake unaonekana vizuri zaidi mbali na vichochoro vya mjini, kwenye machimbo ya urani ya Shinkolobwe, karibu kilomita 20 kutoka Likasi katika mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko swali la mtu abebe nini mwilini ili ajilinde ni swali la kufa na kupona, na sayansi imekwisha kulijibu kwa chombo ambacho nacho, ajabu yake, kina umbo la kalamu.

Tuipe kwanza haki yake. Kioo cha ubavuni cha magari mengi hupashwa moto sana kisha kikapozwa ghafla, na kwa hiyo ndani yake kuna mkazo mkubwa uliofungwa. Ukikipiga kwa kiganja hakishtuki, lakini ncha ndogo ngumu inakusanya nguvu yote mahali pamoja na kioo kizima kinamwagika kama chembe. Kioo cha mbele ni habari nyingine: ni tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, kinapasuka bila kufunguka, na kalamu haitakusaidia kitu. Kwa dereva wa barabara ya Lubumbashi hadi Likasi, ambako malori ya madini hayana simile, ncha hiyo ina maana yake. Upande wa silaha, kalamu hii ni mtoto wa kubotani, kijiti kifupi cha kushikia funguo kilichopewa jina la Takayuki Kubota, mwalimu wa karate kutoka Japani aliyehamia Marekani na kuwafundisha polisi wa huko kukitumia katika miaka ya 1970. Kijiti hicho kilienea pamoja na mafunzo yake. Kalamu inakuja na kisanduku tu. Inafanya kazi pale ambapo mshambuliaji amekwisha kukukamata, kwa mkono unaotetemeka na vidole ambavyo hofu imevinyima wepesi. Mbele ya panga, kalamu ni fupi mno. Mbele ya bunduki, haina la kusema.

Wanaoitetea hujibu kwamba faida yake kubwa ni ya moyoni: anayejua ana kitu mfukoni hutembea kwa kujiamini, na wahalifu hawamfuati anayejiamini. Jibu hilo lina ukweli kidogo na kasoro kubwa. Silaha hufanya mojawapo ya mambo mawili. Inaonekana, na hapo inatisha; au inafichwa, na hapo inashtukiza. Iliyofichwa haimtishi mtu ambaye hajaiona, kwa hiyo haizuii shambulio kuanza, na sifa ile ile ya usiri inayotajwa kwenye matangazo ndiyo inayoifuta sifa ya kuzuia. Nakubali kwamba mtu aliyefunzwa, mwenye lengo moja tu la kumfanya aliyemshika amwachie ili akimbie, anaweza kunufaika na kitu kigumu mkononi. Lakini mtu huyo angenufaika hata na ufunguo. Tena usiri wenyewe hauvuki kila mahali: viwanja vya ndege vya Marekani haviruhusu kalamu hizi ndani ya ndege pamoja na abiria, na atakayelazimika kumweleza askari wa barieri kwa nini kalamu yake ina ncha ya kuvunjia vioo amejiongezea shauri ambalo hakuwa nalo.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, liko katika picha ya hatari ambayo kalamu hii inatujengea. Inatufundisha kwamba hatari ni mtu mmoja, ana sura, anakuja ghafla, na kinga ni kitu kimoja ambacho mtu binafsi ananunua na kukibeba. Shinkolobwe inaipinga picha hiyo kipengele kwa kipengele. Mwamba wake uligunduliwa mwaka 1915 na Robert Rich Sharp, Mwingereza aliyekuwa akitafuta madini kwa ajili ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwanzoni walichokitaka ni radiamu, iliyosafishwa huko Olen, Ubelgiji, kuanzia 1922 na kuuzwa kwa bei ya kutisha kwa ajili ya hospitali. Urani yenyewe ilikuwa karibu takataka. Mambo yaligeuka mwaka 1940, pale mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alipopeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yaliyochaguliwa kwa mkono hadi kisiwa cha Staten, New York. Mnamo Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa mradi wa bomu la atomiki aliyanunua yote. Baadhi ya mawe hayo yalikuwa na hadi asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati miamba ya Colorado iliyokuwa ikichimbwa wakati huo haikufika hata asilimia moja. Sehemu kubwa ya urani iliyolipuka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwenye ardhi hii ya Katanga.

Union Minière ilifunga machimbo na kuziba mashimo kwa zege kabla ya uhuru wa 1960. Zege halikuziba njaa. Kampuni ya taifa, Gécamines, ilipoporomoka katika miaka ya 1990, maelfu ya watu walirudi Shinkolobwe na sululu na magunia, safari hii wakitafuta kobalti, ambayo katika mwamba huu imechanganyika na urani. Amri ya Rais Joseph Kabila ya Januari 2004 ilipiga marufuku uchimbaji huo. Julai mwaka huo huo kuta za shimo ziliporomoka na kuua wachimbaji wanane hivi. Ujumbe wa mashirika ya Umoja wa Mataifa uliofika mwishoni mwa 2004 uliona mambo mawili: machimbo yanaweza kuporomoka tena wakati wowote, na wanaofanya kazi humo kwa muda mrefu wanaweza kudhurika na mionzi. Kijiji cha jirani kilivunjwa na watu wakahamishwa, lakini waandishi wa habari waliofika miaka iliyofuata walikuta uchimbaji wa kisirisiri ukiendelea. Orodhesha hatari hizo: ukuta wa udongo, vumbi, gesi, mionzi. Hakuna hata moja yenye kifundo cha mkono cha kupigwa kwa ncha ya tangsteni.

Hapa ndipo kalamu ya pili inapoingia. Dosimita ya mfukoni, yaani kipimo cha mionzi ambayo mwili umeipokea, kwa miongo mingi imetengenezwa kwa umbo la kalamu nene yenye klipu. Msingi wake ni elektroskopu ya uzi wa kwatzi aliyoiunda Charles Lauritsen wa Caltech huko Marekani katika miaka ya 1930. Ndani ya mrija kuna chumba kidogo cha hewa na uzi mwembamba sana wa kwatzi uliopakwa metali. Kabla ya zamu uzi unatiwa chaji ya umeme, unasukumwa kando na kusimama kwenye sifuri. Mionzi ya gama inapopita chumbani inavunja atomu za hewa kuwa ioni, ioni zinakula chaji, na uzi unarudi polepole juu ya kipimo kilichochorwa. Mwenye kalamu anaielekeza kwenye mwanga, anachungulia kwenye kioo cha mwisho na kusoma alikofika. Haihitaji betri wakati wa kazi wala maabara ya kusubiriwa. Aina iliyozoeleka kazini hujaa ikifika milisiverti 2, na kipimo hicho kina maana kwa sababu viwango vya kimataifa vinampa mfanyakazi wa mionzi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na raia wa kawaida milisiverti 1 juu ya ile anayoipokea kutoka kwenye mazingira yake.

Inafaa kutazama ilivyotumiwa na wale walioichukua kwa uzito. Huko Hanford, jimbo la Washington, ambako plutoni ya Marekani ilitengenezwa kuanzia 1944, kila mfanyakazi wa eneo la mionzi alibeba vyumba viwili vya umbo la kalamu, na mwisho wa zamu kilichoandikwa ni kipimo cha chini kati ya viwili. Sababu yake ni ya kiufundi: kalamu ikianguka au ikiingia unyevu, chaji huvuja na namba inapanda bila mionzi yoyote, kwa hiyo kosa la kawaida ni la kuzidisha. Kulikuwa na ofisi ya kuzitia chaji, karani wa kuandika, daftari lenye jina la kila mtu, na msimamizi mwenye mamlaka ya kumwondoa mtu kazini akifikia kikomo. Kalamu yenyewe haikumkinga yeyote na miali. Ilikuwa shahidi, na ushahidi wake ulikuwa na mahali pa kupelekwa. Ukimpa mtu kalamu ile ile bila karani, bila daftari na bila msimamizi, umempa njia ya kujua anavyoumia, basi.

Mtaalamu wa mionzi atanikatiza hapa, na ana haki. Dosimita ya kalamu haioni hatari kuu ya machimbo ya urani. Urani inapooza kwa mabilioni ya miaka inazaa mlolongo wa elementi, na katikati ya mlolongo huo radiamu inazaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo nusu yake hubadilika katika siku 3.8. Watoto wa radoni, hasa poloni, hunata kwenye vumbi, huvutwa hadi mapafuni na kutoa miali ya alfa. Alfa haipenyi hata karatasi, na kwa sababu hiyo hiyo haipenyi ukuta wa kalamu. Ikiwa ndani ya pafu, hakuna karatasi katikati yake na chembe hai. Kinachosomwa na kalamu ni gama tu, inayotoka zaidi kwenye risasi na bismuthi za mlolongo huo. Kwa hiyo namba ndogo kwenye kalamu inaweza kumdanganya mchimbaji aliyeko shimoni kusiko na hewa, na kumpa ujasiri ule ule wa uongo ambao kalamu ya kujihami humpa anayepita gizani. Ni pingamizi zito, na ndilo linaloonyesha kinga ya kweli iko wapi. Dhidi ya gama, silaha ni muda na umbali. Dhidi ya radoni, ni hewa inayozunguka. Dhidi ya vumbi, ni maji, kitambaa kizuri puani na nguo zisizofika nyumbani. Karibu zote hazitoshi mfukoni.

Hata kwa upofu wake wa nusu, kipimo cha gama kina kazi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mahali penye mikrosiverti 10 kwa saa, mtu afanyaye kazi saa 8 kwa siku atajaza kalamu ya milisiverti 2 baada ya siku 25, na katika mwaka wa siku 250 za kazi atafikia milisiverti 20, kikomo cha mfanyakazi anayelipwa, anayepimwa na anayetibiwa. Mchimbaji wa gunia hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Hesabu hiyo inatenganisha shimo na shimo, na rundo na rundo, jambo ambalo macho hayawezi, kwa kuwa jiwe lenye urani nyingi na lenye kidogo linaweza kukaa kwenye gunia moja bila kutofautiana kwa sura.

Watu wenye busara huuliza: mwenye njaa ataacha shimo kwa sababu uzi wa kwatzi umesogea? Wengi hawataacha. Lakini swali hilo linachukulia kwamba kipimo kina mtumiaji mmoja, yule anayekivaa, na hapo ndipo historia ya Marekani inaposaidia. Kuanzia 1950 idara ya afya ya serikali ya huko ilipima radoni katika machimbo ya urani ya uwanda wa Colorado, na mhandisi Duncan Holaday alionya mapema kwamba hewa ilihitaji kusukumwa mashimoni. Vipimo vilikuwepo, tena vizuri. Vilibaki mikononi mwa maofisa na kampuni, huku wachimbaji, wakiwemo Wanavajo wengi, wenyeji wa asili wa huko, wakiambiwa kidogo au wasiambiwe kitu. Kikomo cha shirikisho cha radoni kwa machimbo hayo kilitangazwa na Waziri wa Kazi Willard Wirtz mwaka 1967 tu, baada ya saratani ya mapafu kuzoa wengi. Mwaka 1990 Bunge lilipitisha sheria ya fidia ya dola 100,000 kwa mchimbaji aliyekidhi masharti, na sharti kubwa lilikuwa ushahidi: alifanya kazi wapi, lini, na katika hewa ya namna gani. Wajane walihangaika kutafuta karatasi. Aliyekuwa na daftari alikuwa na kesi.

Katanga nayo ina mifano ya kipimo kisichofika kwa mwenye mwili. Mnamo Novemba 2007, zaidi ya tani 15 za madini yenye mionzi zilizokamatwa Likasi, na ambazo ziliagizwa zirudishwe zikafukiwe Shinkolobwe, ziliishia kutupwa kwenye mto Mura, ambao wakazi wa Likasi wanautegemea kwa maji. Madini hayo yalikuwa yamepimwa. Yalikuwa na amri rasmi. Kilichokosekana ni mtu wa chini mwenye haki ya kuuliza lori limeelekea wapi. Mfano wa pili ni wa kampuni kubwa: Novemba 2018, machimbo ya Kamoto karibu na Kolwezi, yanayomilikiwa kwa sehemu kubwa na Glencore, yalisimamisha mauzo ya kobalti kwa miezi kadhaa kwa sababu urani ilionekana ndani yake kwa kiwango kisichokubalika kusafirishwa. Mashine ziliiona kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo alitaka zione. Kobalti ilipimwa kabla ya kupanda lori. Mapafu ya waliochimba mawe kama hayo kwa sululu hayana mnunuzi wa ng'ambo.

Kuna pingamizi la mwisho, la kiserikali, na ni la kweli zaidi kuliko linavyosikika: kumgawia vipimo mtu anayechimba mahali palipopigwa marufuku ni kuhalalisha uvunjaji wa marufuku. Naona tofauti kati ya kuruhusu kazi na kukiri kwamba inafanyika. Serikali zinazogawa sindano safi kwa wanaojidunga hazijaruhusu dawa za kulevya. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iko kamati ya taifa ya kinga dhidi ya mionzi, na liko shirika la serikali la kuwahudumia wachimbaji wadogo, SAEMAPE. Kipimo kinaweza kuanzia kwenye bohari za wanunuzi wa Likasi, mahali halali kabisa, ambako magunia yanapita kila siku na ambako wapakiaji, mara nyingi vijana, wanayabeba mgongoni na wengine wanayalalia usiku wakiyalinda. Gunia lenye mionzi likitengwa, mlinzi akaambiwa alale hatua kumi mbali nalo, dozi yake inashuka kwa kiasi kikubwa bila senti moja kutumika, maana nguvu ya gama hupungua haraka kwa kila hatua unayojitenga na chanzo chake.

Na kwa kuwa vyombo hivyo vya serikali vinaweza kuchelewa miaka mingi, kuna kalamu ya tatu ambayo haijazungumzwa, ile ya plastiki ya dukani. Mchimbaji au mpakiaji anayeandika kwenye daftari la shule tarehe, jina la shimo au bohari, saa alizokaa, idadi ya magunia na aliyenunua, anatengeneza kile ambacho wajane wa Colorado walikitafuta wasikipate. Asiyejua kuandika anaweza kuandikiwa na mwanawe jioni. Daftari hilo liwekwe nyumbani, mbali na nguo za kazi, na nakala yake ikae kanisani, msikitini au kwa kiongozi wa ushirika. Siku daktari wa Likasi atakapomuuliza mgonjwa mwenye kikohozi kisichoisha alikuwa akifanya kazi gani miaka kumi iliyopita, jibu litakuwa na tarehe.